HESABU YA TAJIRI NA USINGIZI WA DEREVA

Kila inapotokea ajali ya basi la abiria katika jiji la Dar es Salaam, maneno husemwa kwa mpangilio uleule. Polisi hutaja uzembe wa dereva. Abiria walionusurika hutaja mwendo kasi. Mwenye gari hutoa pole, kisha huenda kushughulikia bima. Na katika misikiti yetu, baada ya kuwaswalia maiti, huambiana kuwa ajali haina kinga na kwamba siku ya marehemu ilikuwa imefika. Baada ya siku chache watu hurudi katika shughuli zao, na lipo swali moja ambalo halijaulizwa na yeyote: dereva yule alikuwa amelala saa ngapi usiku wa kuamkia siku ile, na ni nani aliyempangia kazi isiyo na usingizi?

Tunakusudia kulisema jambo hili bila ya kuzungukazunguka. Uchovu wa madereva wa daladala katika njia ndefu za jiji hautokani na tabia mbaya ya madereva, wala si bahati mbaya. Unatokana na mpango wa malipo uitwao hesabu. Mpango huo una wenyewe, na baadhi ya wenyewe hao husimama nasi katika safu ya kwanza.

NJIA NDEFU, SIKU NDEFU

Tangu mwaka 1983, serikali iliporuhusu magari ya watu binafsi kubeba abiria kwa kuwa mabasi ya shirika la UDA hayakutosha, daladala zimekuwa ndiyo miguu ya wakazi wa jiji hili. Na jiji lenyewe limetanuka. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu milioni 4.36 katika mkoa wa Dar es Salaam. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu milioni 5.38. Nyongeza hiyo haikuenda kukaa Kariakoo wala Upanga. Wengi wamekwenda kujenga Chanika, Bunju, Kibamba na Mbagala, kwa kuwa huko ndiko viwanja vilikopatikana. Lakini masoko makubwa, ofisi na hospitali kuu zimebaki mjini. Kwa hiyo njia zimerefuka. Kutoka Bunju au Chanika hadi katikati ya mji ni zaidi ya kilomita 20, na hizo ni kilomita za foleni, vituo, mashimo, makelele ya wapiga debe na jua la utosi.

Mtafiti Matteo Rizzo, ambaye ameichunguza biashara ya daladala kwa miaka mingi na kuitolea kitabu mwaka 2017, alikuta kuwa siku ya kazi ya dereva na kondakta ni saa 15 kwa wastani, na kwamba wengi hawapati hata siku moja kamili ya kupumzika kwa juma. Wasomaji wetu wanaopanda daladala ya kwanza alfajiri na kurudi na ya mwisho usiku hawahitaji mtafiti wa kuwaambia hayo. Mara nyingi wamemkuta mtu yuleyule kwenye usukani asubuhi na usiku.

Kwa nini mtu afanye kazi saa 15? Je, hapendi kulala? Hebu tuitazame hesabu yenyewe.

Dereva wa daladala aghalabu halipwi mshahara. Tajiri humkabidhi gari asubuhi na kumtajia kiasi cha fedha ambacho lazima kiletwe jioni. Kiasi hicho hakibadiliki. Mvua inyeshe, foleni ifunge, pancha itokee, trafiki aandike faini, hesabu ni ileile. Mafuta nayo hutoka katika makusanyo. Kinachobaki baada ya mafuta na hesabu ndicho wanachogawana dereva na konda wake. Kisipobaki kitu, hawana kitu.

Tuchukue mfano ili jambo lieleweke. Tuseme basi moja katika njia ndefu linahitaji safari 8 ili kupata mafuta na hesabu, na kila safari, pamoja na kusubiri abiria kituoni, huchukua saa moja na nusu. Dereva aliyeondoka kituoni saa 11 alfajiri atamaliza safari ya nane saa 11 jioni. Hizo ni saa 12 kamili, na mpaka hapo hajapata hata senti ya kupeleka nyumbani. Riziki yake yeye, ya mkewe na ya watoto wake inaanza kutafutwa kuanzia hapo, jua linapotua, mgongo ukiwa umekauka na macho yamewiva.

Jambo hili tunaomba lizingatiwe vyema, kwa kuwa ndilo shina la mjadala wote. Mpango wa hesabu humpa tajiri saa ambazo dereva ana nguvu, na humwachia dereva saa ambazo amechoka. Mtu huyu akiambiwa apumzike jioni, anaambiwa alale na njaa. Akiambiwa apumzike mchana, anaambiwa aongeze saa za usiku. Mawaidha ya usalama barabarani, hata yawe mazuri namna gani, hayawezi kushindana na hesabu ya namna hiyo.

Humohumo ndimo yanamotoka mengine yote tunayoyalaumu: kukatisha ruti, kujaza abiria mpaka mlangoni, kushindana kituo hadi kituo, kuwaacha wanafunzi wanaolipa nauli ndogo, na kutafuna mirungi, ambayo sheria ya nchi imeipiga marufuku, ili macho yasifunge. Hatusemi kuwa makosa hayo ni halali. Tunasema kuwa anayekata matawi na kuumwagilia maji mzizi asishangae mti unapochipua tena.

USINGIZI NA ULEVI

Mwaka 1997 watafiti wawili wa Australia, Dawson na Reid, walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya kuwalinganisha watu waliokesha na watu waliokunywa pombe. Waligundua kuwa mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo huzorota akili na mikono kwa kiasi kilekile cha mtu mwenye kiwango cha pombe cha asilimia 0.05 katika damu, kiwango ambacho nchi nyingi hazimruhusu mtu kushika usukani akiwa nacho. Akifikisha saa 24, huwa karibu na asilimia 0.10.

Sasa tuhesabu. Dereva anayeondoka kituoni saa 11 alfajiri ameamka saa 10 au kabla yake. Saa 17 tangu kuamka kwake zinatimia saa 3 usiku. Huo ndio wakati ambao wachuuzi wa Kariakoo wamefunga meza zao, wauguzi wa zamu ya jioni wanatoka, na baadhi yetu tunarudi nyumbani kutoka katika darsa za baada ya Isha. Tungemwona dereva ananuka pombe, tungeshuka sote na kumwita askari. Lakini uchovu hauna harufu, na kipimo cha trafiki cha kupuliza mdomoni hakiushiki. Kwa hiyo tunapanda, tunaketi, na tunamwambia konda: mwambie dereva aongeze mwendo.

Muislamu anao mfano wa karibu zaidi. Mtume (S.A.W.) alimwelekeza mwenye kusinzia ndani ya swala aende kwanza akalale, kwa kuwa huenda akadhani anajiombea msamaha kumbe anajiapiza. Hiyo ni swala, ibada ambayo mwenye kuikosea hamdhuru jirani yake. Itakuwaje basi kwa mwenye kusinzia huku nyuma yake kuna roho 40?

SHERIA IPO, DEREVA HAYUMO

Wako wanaodhani kuwa nchi hii haina sheria juu ya jambo hili. Sheria ipo, tena imeandikwa kwa maneno yaliyo wazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa za kawaida za kazi kuwa 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Imekataza kazi kuzidi saa 12 kwa siku, hata ikijumlishwa na muda wa ziada. Imetaka mfanyakazi apate mapumziko ya saa nzima akishafanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo, apate saa 12 za kupumzika kati ya siku moja ya kazi na nyingine, na saa 24 za mapumziko kila wiki.

Linganisha na hali ilivyo. Anayefanya kazi saa 15 kwa siku 6 amefanya saa 90, yaani mara mbili kamili ya saa za kawaida za wiki. Anayelaza gari saa 5 usiku na kuliondoa saa 11 alfajiri amepewa saa 6 badala ya 12, na katika hizo 6 kuna kurudi nyumbani, kuoga, kula, na kuamka mapema ili aliwahi gari.

Wenye magari wana jibu lao. Husema: huyu si mwajiriwa wangu, mimi nimemkodisha gari tu. Jibu hili huonekana la kisheria, lakini sheria yenyewe inalikataa. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka huohuo wa 2004 imetaja alama za kumtambua mwajiriwa. Miongoni mwake ni mtu kupewa vitendea kazi na mwenziwe, kumtegemea huyo kwa riziki yake, au kumfanyia kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika muda wa miezi mitatu. Ikipatikana alama mojawapo, huchukuliwa kuwa ni mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Gari ni la tajiri. Riziki inatoka katika gari la tajiri. Na hizo saa 45 zinazohesabiwa kwa mwezi, dereva wa daladala huzimaliza kwa siku tatu! Ikiwa huyu si mwajiriwa, basi mwajiriwa ni nani?

Kwa mabasi ya mikoani lipo takwa la kuwa na dereva wa pili katika safari inayozidi saa 8. Ni jambo jema. Lakini huko kinachohesabiwa ni safari, na safari za jijini ni fupifupi. Dereva wa kwenda Mwanza ana mwenzake wa kumpokea. Dereva wa Chanika, ambaye kwa siku nzima huenda amekaa kwenye usukani muda mrefu zaidi, hana wa kumpokea, kwa kuwa safari yake huhesabiwa kuwa imekwisha kila anapofika kituoni na kugeuza gari.

Wala tusiseme kuwa madereva wameridhika. Mwishoni mwa miaka ya 1990 madereva na makondakta wa daladala waliunda umoja wao, na miongoni mwa madai yao makubwa yalikuwa ni mkataba wa kazi. Tarehe 10 Aprili 2015, madereva walipogoma karibu nchi nzima kwa kupinga kutakiwa kurudi darasani kila wanapohuisha leseni, suala la mikataba lilikuwamo tena katika madai yao. Abiria tulioachwa vituoni siku ile tulilalamika sana kuhusu usumbufu. Ni wachache waliouliza watu hawa wanadai nini.

MAJIBU KWA WENYE MAGARI

Tunajua hoja zitakazoletwa, na ni haki zijibiwe moja baada ya nyingine.

Ya kwanza ni kwamba dereva ameridhia mwenyewe, hakulazimishwa. Tunajibu: ridhaa ya mtu ambaye nyuma yake wamesimama wengine kumi wanaolitaka gari hilohilo ni ridhaa ya namna gani? Isitoshe, mapatano hayo si ya watu wawili tu. Abiria ameingizwa ndani yake bila ya kuulizwa, na waenda kwa miguu wa barabara nzima pamoja naye. Hakuna wawili wanaoruhusiwa kupatana juu ya kumdhuru wa tatu.

Ya pili ni kwamba dereva akilipwa mshahara ataiba, na kwamba hesabu ndiyo kinga pekee ya tajiri asiyeweza kukaa ndani ya gari kutwa nzima. Hii ndiyo hoja nzito, na tunakiri kuwa wapo madereva wasio waaminifu. Lakini dawa ya wizi ni tiketi na kumbukumbu za mauzo, jambo ambalo kila mwenye duka analijua. Aliyeona tabu kusimamia tiketi akachagua badala yake kumkamua mtu mpaka asinzie barabarani, amechagua kulinda fedha zake kwa damu za wengine. Mabasi yaendayo haraka yalipoanza mwaka 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, madereva wake waliajiriwa kwa mshahara na nauli ikakatiwa tiketi kituoni. Mradi ule umekuwa na matatizo yake mengi, lakini umeshaonyesha kuwa basi la jiji laweza kutembea bila ya dereva kukimbizana na hesabu.

Ya tatu ni kwamba gari lenyewe ni la mkopo, marejesho hayasubiri, na mwenye gari si tajiri bali ni mwalimu mstaafu au mama mjane aliyewekeza kiinua mgongo. Hili ni kweli kwa wengi, na tunawaonea huruma. Kuweka madereva wawili kutampunguzia mtu huyu faida, hatutaki kumdanganya. Lakini basi liendeshwalo na wawili wanaopokezana hutembea saa zilezile. Breki, matairi na injini ya gari lisiloshindaniwa hudumu zaidi. Na gari lililopinduka halirejeshi mkopo wa mtu. Biashara ambayo haiwezi kusimama ila kwa kumnyima mtu usingizi wake ni biashara ambayo hesabu zake hazikufanywa sawasawa tangu mwanzo.

KUDRA SI KISINGIZIO

Limebaki neno ambalo ni letu sisi watu wa misikitini. Ni ile kauli ya kuwa ajali ni kudra. Hakika hakuna linalotokea ila kwa ujuzi na uwezo wa Allah (S.W.), na mwenye kufiwa anayo haki ya kufarijiwa kwa imani hiyo. Lakini imani ya kumfariji mfiwa isigeuzwe kuwa ngao ya mwenye kusababisha. Bedui aliyetaka kumwacha ngamia wake bila ya kumfunga kwa kisingizio cha kumtegemea Allah alifundishwa kwamba amfunge kwanza, ndipo ategemee. Mwenye kumpangia dereva saa 15, kisha akasema ni mipango ya Mungu, hajamfunga ngamia wake. Amemfungulia yeye mwenyewe akampiga fimbo.

Dini yetu inaharamisha kumkalifisha mtumishi kazi inayomshinda, na inaagiza kuwa akikalifishwa basi asaidiwe. Hayo husomwa katika hutuba mwaka hadi mwaka, na huchukuliwa kuwa yanawahusu watumwa wa zama zilizopita au wasichana wa kazi za ndani. Kwa nini yasimhusu dereva?

Na kamati za misikiti zijitazame pia. Ni mara ngapi hukodishwa Coaster baada ya Isha kwenda mazishini Tanga, au kwenye ijtimai Morogoro, ikiendeshwa na mtu aliyekuwa barabarani tangu alfajiri? Bei huulizwa. Idadi ya viti huulizwa. Kama dereva amelala, haliulizwi.

NINI KIFANYIKE

Kwa wenye magari tunasema: kila basi liwe na madereva wawili wanaojulikana kwa majina, wanaopokezana mchana, na kila mmoja awe na mkataba wa maandishi na mshahara usiopungua kwa sababu ya foleni. Kukiwapo nyongeza kwa makusanyo mazuri, iwe nyongeza, isiwe ndiyo riziki yote. Siku moja kwa wiki iwe ya kupumzika, na hesabu ya siku hiyo isidaiwe kesho yake. Leo madereva hutafutana wenyewe kwa wenyewe, mmoja akimwachia mwenziwe deiwaka gari kwa saa chache ili apate kujinyoosha. Hiyo ni dalili kuwa kupokezana kunawezekana. Kilichokosekana ni mwenye gari kukubali kukubeba.

Kwa Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA), ambayo tangu mwaka 2019 ndiyo iliyoshika kazi za iliyokuwa SUMATRA, tunasema: leseni ya njia isitolewe wala isihuishwe mpaka iambatane na mikataba ya madereva wa basi husika. Na katika kila kituo cha mwisho cha njia ndefu pajengwe mahali pa kivuli, choo na maji, ili dakika za kusubiri zamu ziwe ni dakika za kupumzika kweli.

Kwa maimamu na kamati tunasema: misikiti iliyo karibu na vituo vya mwisho iwaachie madereva nafasi ya kunyoosha mgongo baina ya Adhuhuri na Alasiri bila ya kuwafukuza. Na mwenye daladala anayejulikana msikitini aulizwe kwa upole, na ndugu zake katika imani, anawalipa vipi watu wake. Tunaulizana juu ya riba, na hili tuulizane pia.

Kwa madereva tunasema: roho zilizo nyuma yenu ni amana. Mirungi haiondoi usingizi, inauficha tu. Unapoona alama za barabarani zimeanza kuelea machoni, egesha gari. Fedha ya safari moja haifikii thamani ya unachokiokoa. Na mdai mkataba kwa umoja wenu, si mmoja mmoja, kwa kuwa mmoja huondolewa akaitwa mwingine.

Na kwa abiria, ambao ndio sisi sote: tuache kumhimiza mtu aliyechoka aongeze mwendo.

Mwezi huu tunawaomba wasomaji wetu walioko katika njia za Chanika, Bunju, Kibamba na Mbagala wafanye jambo moja dogo. Watakapopanda daladala ya saa 3 usiku, wamsalimie dereva, kisha wamuulize ameamka saa ngapi. Jibu watakalolipata walifikishe kwa mwenye gari. Na kama mwenye gari ni wao wenyewe, basi wameshalijua la kufanya.

Wabillahi tawfiq.